Kalamu za Babu na Picha Iliyogeuka

Katika kopo la biskuti ambalo shangazi yangu amelitunza tangu babu afariki, mna kalamu tatu. Mbili ni za tete, zimechongwa kwa kisu, na rangi yake imekuwa kama ya chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Ya tatu ina mpini wa mpingo, na mwishoni pana nafasi ya kutia nibu ya chuma, ila nibu yenyewe haipo. Pamoja nazo kuna daftari lililobaki na kurasa sita tu. Katika ukurasa mmoja yameandikwa majina manne kwa hati ya Kiarabu, kila jina na mwezi wake na mwaka. Jina la shangazi ni la pili: Rajabu 1378. Kwa kalenda ya ofisini huo ni mwezi ulioangukia kati ya Januari na Februari 1959.

Vyeti vyake vyote vinasema amezaliwa tarehe 1 Januari 1964. Wasudani Kusini wengi wa rika lake wana siku hiyohiyo ya kuzaliwa, kwa kuwa karani akikosa tarehe huandika ya kwanza ya mwaka. Ndugu zake wote watatu ni wa tarehe 1 Januari pia, miaka tofauti, kana kwamba bibi alikuwa akisubiri sherehe za mwaka mpya ndipo ajifungue.

Kwa nini basi asiliamini daftari? Kwa sababu ya karatasi nyingine iliyomo katika kopo lilelile, hati ya kiwanja ya miaka ya 1960, ambayo babu aliitia sahihi kwa dole gumba. Babu alikuwa fundi cherehani wa Malakia, mtaa wa zamani wa Juba, na nyumbani kwetu ilijulikana kuwa hakujua kusoma. Barua zikija alimpa mtu amsomee. Kwa hiyo shangazi alisema majina yale lazima yaliandikwa na mtu mwingine, pengine miaka mingi baadaye, kwa kukisia. Nilimuuliza, “Shangazi, sasa mtu asiyejua kusoma alikuwa na kalamu za nini?” Akanijibu kwamba hilo ndilo swali lake tangu mwaka alipozikwa baba yake.

Aliyebaki wa kujibu alikuwa mmoja tu: mdogo wake babu, anayeishi Bombo, Uganda, mwenye umri wa miaka themanini na kitu, na siku zile alikuwa mgonjwa. Hawezi kusafiri, wala kalamu kavu za tete huwezi kumkabidhi dereva wa basi. Ilibidi azione kwa picha. Kazi hiyo nilipewa mimi kwa sababu nina simu, na kwa sababu ndiye ninayesoma Kiswahili, lugha anayoipenda yule mzee kuliko zote anazozijua.

Nieleze kidogo kwa nini mzee wa Malakia awe na ndugu Bombo, maana bila hayo habari ya kalamu haieleweki. Jimbo la Ikweta lilitawaliwa na Emin Pasha tangu mwaka 1878, na makao yake yalikuwa Lado, kaskazini kidogo ya hapa Juba tulipo. Khartoum ilipoanguka mikononi mwa Mahdi mwaka 1885, askari wake walikatiwa njia. Emin aliondoka na Stanley mwaka 1889 kwenda pwani ya Bagamoyo, lakini askari wengi walibaki nyuma na kiongozi wao Selim Bey. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua kuwatumia Uganda, na wazao wao ndio Wanubi wa Bombo na wa Kibera. Waliobaki upande huu, pamoja na askari wastaafu wa baadaye, ndio waliojaza mitaa kama Malakia. Pande zote mbili wanazungumza Kiarabu kinachokaribiana sana, na pande zote mbili walikuwapo wazee waliofundisha watoto Kurani kwa ubao na kalamu ya tete. Vita vya kwanza vilipowasukuma watu Uganda, mdogo wake babu alikwenda kwa watu waliokuwa jamaa tayari.

Sasa kalamu. Kalamu ya tete haitengenezwi kiwandani. Mtu anachukua tete kavu, analikata kwa mshazari, anachimba tumbo lake kama kijiko kirefu, anapasua ufa katikati ili wino ushuke kidogo kidogo, kisha anamalizia kwa mkato mmoja wa ncha. Mkato huo wa mwisho ndio kila kitu. Kwa hati ya Kiarabu ncha hukatwa ikiwa pana na kuinama upande mmoja, na kiasi cha kuinama hutegemea aina ya hati na mkono wa mwandishi. Anayeandika kwa kushoto akitaka mistari ileile hulazimika kuinamisha mkato upande wa pili. Wino wenyewe katika Sudan ulichanganywa kwa masizi, maji na gundi ya mgunga, gundi ambayo Sudan inaiuzia dunia mpaka leo. (Gundi hiyohiyo wapiga picha wa mwisho wa karne ya 19 waliitumia kuchapishia picha zao, jambo ambalo lilinifurahisha kuliko linavyostahili.) Pwani ya Waswahili walikuwa na ufundi huohuo. Misahafu ya Siyu, kisiwani Pate, iliandikwa kwa kalamu za namna hii, na Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi kwa hati ya Kiarabu kwa mkono uliosifiwa hata na wataalamu wa Ulaya.

Kwa hiyo mtu aliyekulia na kalamu hizo akiiona ncha, anaisoma. Picha nzuri ya kalamu iliyochongwa kwa mkono ni ile inayoonyesha mkato. Mengine ni mapambo.

Picha zangu za kwanza hazikuonyesha kitu. Tunaishi Custom, nyuma ya maduka, chumba chenye dirisha moja, na jioni ile jenereta ya jirani ilikuwa imezimwa. Nikawasha flashi. Tete la zamani limelainishwa na vidole vya watu, linang'aa kama limepakwa mafuta. Flashi ilipiga katikati ikaacha doa jeupe, na ncha ikawa nyeusi tii. Picha ya pili nilisogea karibu mno, simu ikashindwa kuona, kila kitu kikawa ukungu isipokuwa maua ya kitambaa cha meza, ambayo yalitoka vizuri ajabu. Mzee alituma ujumbe wa sauti: “Mjukuu wangu, umenitumia kitambaa.”

Kesho yake nilikwenda kusoma, kwa kuwa ndiyo njia niliyozoea. William Henry Fox Talbot, mmoja wa waliovumbua upigaji picha, alianza safari hiyo mwaka 1833 kando ya ziwa Como, Italia, kwa sababu alishindwa kuchora kwa mkono. Kitabu chake kilichoanza kutolewa mwaka 1844, cha kwanza cha biashara chenye picha halisi, alikiita Kalamu ya Maumbile, kwa maana kwamba mwanga wenyewe ndio kalamu. Kimejaa picha za vitu vya nyumbani: vyombo vya udongo, glasi, rafu ya vitabu. Rafu ile haikuwa ndani ya maktaba hata kidogo. Vitabu vilipangwa nje uani, maana chumbani mwanga haukutosha. Niliposoma hivyo niliona aibu. Mtu wa mwaka 1844 alijua kutoa vitabu nje, na mimi nina simu na jua la Juba nikawasha flashi ndani.

Nikahama na meza hadi mlangoni, saa moja na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla bodaboda hazijaanza kutimua vumbi. Nilitandika shuka jeusi lisilo na maua. Kalamu niliilaza ili mwanga uingie kwa ubavu, si kutoka juu wala usoni, na upande wa kivuli nikasimamisha karatasi nyeupe irudishe mwanga kidogo. Mwanga wa ubavu una kazi ya pekee: kila alama ya kisu inatupa kivuli chake, na kalamu iliyoonekana laini inageuka shamba lenye matuta. Simu niliiegemeza juu ya vitabu isitikisike, nikagusa kioo palipo na ncha ili iangalie hapo. Nilipiga mgongo wa kalamu, kisha tumbo. Shangazi alipoona alisema ni mara ya kwanza anauona ufa wa katikati, na kopo analo yeye miaka yote hiyo.

Mzee alijibu usiku. Sauti yake ilikuwa nzito. “Picha ni safi. Lakini hii kalamu ni ya mtu wa kushoto. Kaka yangu aliandika kwa kulia. Sisi kwa shehe wetu, mtoto akishika kalamu kwa kushoto, mkono ule ulifungwa kitambaa. Hizi si zake, mwanangu. Mwambie dada yako asihangaike.” (Shangazi humwita dada yangu kwa mazoea yao, nisingeweza kumsahihisha.)

Nilimsikilizisha shangazi. Hakusema neno. Alizifunga kalamu katika kitambaa, akarudisha kopo juu ya kabati, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Wiki ile nilikuwa naandika kazi ya darasa kuhusu lugha na mwaka 1928, na naomba nipitie hapo kwanza. Mwezi wa Aprili mwaka huo, mjini Rejaf, maofisa na wamisionari walikutana kuchagua lugha za kufundishia Kusini: Kidinka, Kibari, Kinuer, Kizande, Kishilluk, Kilotuko na chache nyingine, zote kwa herufi za Kilatini. Miezi miwili baadaye, Juni 1928, mkutano mwingine ulifanyika Mombasa na kukichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, nacho pia kwa Kilatini. Mikutano miwili ya mbali, na sidhani waliohudhuria mmoja waliufikiria ule mwingine, lakini kalamu ya tete ilipoteza kazi katika yote miwili. Kwetu ilikuwa kali zaidi. Tarehe 25 Januari 1930 serikali ya Khartoum ilitoa waraka wa Siasa ya Kusini, uliotaka Kiarabu kipunguzwe katika majimbo haya na Kiingereza kishike nafasi yake. Siasa hiyo ilidumu hadi mwaka 1946.

Babu na mdogo wake walikuwa watoto ndani ya miaka hiyo. Aliyejifunza kwa shehe alijua kuandika, lakini si kwa herufi zilizotakiwa dirishani kwa karani. Mbele ya fomu ya Kiingereza alikuwa sawa na asiyejua kitu. Waswahili wengi wa pwani yaliwakuta yaleyale: mtu aliyesoma tenzi usiku kwa hati ya Kiarabu, asubuhi aliandikwa kuwa hajui kusoma. Mimi naona takwimu za zamani za ujinga wa kusoma zinapaswa kusomwa kwa tahadhari, kwa sababu zilihesabu hati moja tu.

Basi nikataka picha moja ya kalamu kwa ajili ya kazi hiyo ya darasa. Mwalimu wetu husisitiza kwamba picha ya kitu cha kale bila kipimo ni picha ya kitu chochote. Ni kweli. Makumbusho ya Pitt Rivers pale Oxford yana vitu vingi vya Sudan Kusini na maelfu ya picha, zikiwemo za Evans-Pritchard, na faida yake ni kwamba vitu vingi vina vipimo na maelezo. Huku kwetu kumbukumbu za serikali zilikaa miaka ndani ya hema hapa Juba kabla ya kuanza kupangwa na kupigwa nakala. Nilikosa rula, nikaweka kiberiti kando ya kalamu.

Maandishi ya kiberiti yalitoka kinyumenyume.

Nilitazama kwa muda bila kuelewa. Kisha nikakumbuka kwamba lenzi ya nyuma ya simu yangu ilipasuka tangu Novemba, na kila picha niliipiga kwa kamera ya mbele, ile ya kujipigia mwenyewe. Kamera hiyo kwenye simu yangu inahifadhi picha kama kioo: kulia kunakuwa kushoto. Uso wa mtu hauharibiki kwa hilo. Kalamu iliyokatwa mshazari inabadilika mwenyewe.

Kosa hili ni la zamani kama picha zenyewe. Picha za Daguerre, zilizotangazwa Paris mwaka 1839, zilikuwa juu ya bamba la fedha na zilitoka zimegeuka kama kwenye kioo. Waliofuata waliopiga kwenye bati walikuwa na shida hiyohiyo. Kisa maarufu ni cha Billy the Kid, jambazi wa Marekani aliyeuawa mwaka 1881. Picha yake ya bati inamwonyesha bastola ikiwa kushoto, na watu wakaamini alikuwa mtu wa kushoto, hata filamu ya mwaka 1958 ikapewa jina kwa imani hiyo. Kilichofichua ukweli ni bunduki yake, Winchester ya mwaka 1873, ambayo tundu la kuingizia risasi liko upande wa kulia tu. Katika picha liko kushoto. Bunduki kwake ilifanya kazi ya kiberiti changu.

Nilikwenda kwa fundi simu wa hapa Custom, nikabadilisha lenzi kwa pesa niliyokuwa nimeiweka kwa viatu. Nikarudia yote: mlango, asubuhi, shuka jeusi, karatasi nyeupe, kiberiti. Safari hii niliongeza jambo moja. Katika hati ya Kiarabu nukta haichorwi, inapigwa: kalamu inagusa karatasi mara moja na kuacha umbo la upana wa ncha yake. Neno Rajabu lina nukta mbili, moja ya jim na moja ya ba. Nikalaza daftari, nikaweka ncha ya kalamu ya kwanza kando ya nukta, nikapiga. Ilikuwa pana kupita kiasi. Nikaweka ya pili. Ncha na nukta vililingana kiasi kwamba shangazi, aliyekuwa amesimama nyuma yangu akijifanya anafagia, aliacha ufagio.

Najua kulingana kwa upana hakutoshi. Kijana mwingine wa Malakia angeweza kuchonga ncha ya upana uleule, na kalamu inaweza kuazimwa. Nilimwambia shangazi hivyohivyo, ingawa sikutaka.

Nilituma picha zote saba Bombo pamoja na maelezo ya kosa langu. Siku mbili kimya. Ya tatu mzee alituma sauti mbili. Katika ya kwanza alicheka mpaka akakohoa, akasema simu imemfanya kaka yake awe mtu wa kushoto miaka yote hiyo baada ya kufa. Akasema mkato sasa ni wa kulia, na kwamba kaka yake alikuwa na tabia ya kukwangua mgongo wa kalamu mara tatu karibu na ncha ili kidole kisiteleze. Nilikuza picha. Mikwaruzo mitatu ilikuwapo, kila mmoja na kivuli chake kidogo. Katika picha za flashi hapakuwa na kitu pale ila doa jeupe.

Sauti ya pili ilihusu kalamu ya mpingo, ambayo mimi niliipiga haraka haraka kwa kuwa niliiona haina ncha ya kueleza chochote. Mzee alisema hiyo ndiyo anayoikumbuka zaidi. Karani mmoja alimpa kaka yake nibu, naye akaichongea mpini ajifunze hati ya ofisini, usiku, kwa taa ya mafuta, akiwa tayari ana mke na cherehani. Alijaribu msimu mmoja wa mvua. Herufi zilipomshinda alikuwa akiuuma mpini. “Angalia mwishoni,” alisema, “utaona meno.”

Picha zangu zote za kalamu ile zilionyesha mdomo wa nibu. Shangazi aliniwahi kopo. Aliutoa mpini, akaugeuza kuelekea mlangoni, akapitisha kidole mwishoni polepole, akanipa. Nikauweka juu ya shuka jeusi, kiberiti kando, nikasubiri bodaboda ipite vumbi litulie.

Yapo. Juu mawili, chini moja.